Pengo Lisilo Tupu: Kufundisha Jinsi Neva Inavyopata Mahali Pake Katika Msuli

Katika masomo ya biolojia, mada ya neva ni miongoni mwa zile ambazo mwanafunzi huzinakili vizuri na kuzielewa vibaya. Mwalimu huchora ubaoni ncha ya neva, huacha nafasi nyeupe, kisha huchora msuli. Nafasi ile huandikiwa neno "pengo". Tangu siku hiyo mwanafunzi huamini kwamba baina ya neva na msuli hamna kitu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pengo hilo si tupu. Kwamba vilivyomo ndani yake ndivyo vinavyoiambia neva ikome wapi na kuuambia msuli upokee wapi. Na kwamba jambo hili laweza kufundishwa katika shule yoyote ya Kasulu au Kibondo kwa zana zinazookotwa shambani.

Huenda baadhi ya walimu wakauliza: kwa nini tujisumbue na jambo dogo kiasi hicho? Jibu limo katika maisha ya wanafunzi wenyewe. Nyanda za juu za Kigoma ni nchi ya jembe, shoka na panga. Mtu akijikata mkono, neva inaweza kukatika pamoja na ngozi, na vidole vikafa ganzi. Mwanafunzi mwenye akili ya kudadisi atauliza: neva iliyokatwa hujuaje mahali pa kurudi? Swali hilo lina thamani kuliko mchoro wote wa ubaoni, na mwalimu hana budi kuwa tayari kulijibu.

1. Maana ya maneno tutakayotumia

Mahali ncha ya neva inapokutana na seli inayopokea habari zake huitwa sinapsi. Neno hilo lilianza kutumika katika sayansi mwaka 1897 kwa pendekezo la Charles Sherrington wa Uingereza. Seli inayopokea yaweza kuwa neva nyingine, tezi, au msuli. Katika makala haya tutashughulika zaidi na msuli, kwa kuwa hapo ndipo wataalamu walipoweza kuona mambo kwa uwazi.

Neva haigusani na msuli. Baina yao kuna nafasi ya kiasi cha nanomita 50. Yaani nafasi kama hizo 20,000 zikipangwa bega kwa bega ndipo zinapofika milimita moja. Habari huvuka nafasi hiyo kwa njia ya kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo hutolewa na ncha ya neva katika vifuko vidogo sana na kupokewa na vipokezi vilivyo katika utando wa msuli. Vipokezi hivyo havikutawanywa ovyo. Mbele ya ncha ya neva hufikia 10,000 hivi katika kila maikromita moja ya mraba. Hatua chache nje ya hapo hupungua mpaka kuwa kumi au chini yake.

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Kila uzi wa msuli umevikwa vazi jembamba lililofumwa kwa protini na sukari zilizoungana. Vazi hilo liko nje ya seli, wala si sehemu ya utando wa seli yenyewe. Katika makala haya tutaliita "ala", kwa sababu uzi wa msuli hukaa ndani yake kama kisu kinavyokaa alani. Ala huuzunguka uzi wote, na inapofika penye sinapsi haikatiki: hupita katikati ya pengo, baina ya neva na msuli. Kwa hiyo pengo tunaloliacha jeupe ubaoni limejaa ala.

2. Kutoka linalojulikana kwenda lisilojulikana

Kanuni hii ya ualimu tunaifahamu sote. Mwalimu aanze na gulio. Kila siku ya gulio muuza chumvi ya Uvinza huketi mahali pale pale, na mnunuzi wake huenda pale pale. Gulio likivunjika jioni, muuzaji huondoka na mnunuzi huondoka. Juma linalofuata wote hurudi mahali pao. Mwalimu aulize darasa: ni nini kilichotunza habari za mahali hapo katika siku zote ambazo uwanja ulikuwa mtupu?

Wanafunzi watatoa majibu matatu. Wengine watasema muuzaji anakumbuka. Wengine watasema mnunuzi alitangulia, muuzaji akamfuata. Wengine watasema vipo vigingi vya kibanda na mawe ya kuwekea magunia, navyo havikuondoka. Mwalimu asiharakishe kusema nani amepata. Na aulize: tungefanyaje ili tujue jibu la kweli? Darasa likisema, "Tumwondoe mmoja mmoja tuone," basi limekwisha kuifikia mbinu ya sayansi kabla ya kulisikia jina la chombo chochote cha maabara.

3. Jaribio la chura

Swali hilo hilo liliulizwa huko Marekani katika miaka ya 1970 na Joshua Sanes, Lawrence Marshall na Uel Jackson McMahan. Walitumia msuli mwembamba wa kifua cha chura. Ilikuwa imejulikana zamani kwamba neva ya msuli ikikatwa huota upya na kurudi karibu daima kwenye sinapsi zake za awali, ingawa sinapsi hizo ni sehemu ndogo sana ya uso wa msuli. Lakini haikujulikana ni nani aliyeiita: msuli, au ala?

Watafiti hao waliikata neva na kuziharibu nyuzi za msuli. Nyuzi zilizokufa zililiwa na seli za usafi wa mwili, zikatoweka. Ala zilibaki, tupu, kama ala iliyochomolewa kisu. Ili msuli usiote tena, waliupiga mionzi ya eksirei. Kisha wakaiacha neva iote. Neva ilirudi, ikaigusa ala, ikakoma pale pale palipokuwa na sinapsi ya zamani. Zaidi ya hayo, ncha yake ilitengeneza tena vifuko na sehemu za kutolea kemikali, zikiwa zimeelekea mahali halisi, ingawa upande wa pili hapakuwa na msuli wa kuzipokea. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1978.

Walijuaje mahali pa sinapsi ya zamani, na msuli umetoweka? Ndani ya ala, penye sinapsi, kumeshikizwa kimeng'enya kinachovunja asetilikolini baada ya kazi yake kwisha. Kimeng'enya hicho kilibaki katika ala, nao wakakipaka rangi. Mwalimu na asisitize jambo hili: mtafiti mzuri hutafuta kwanza alama ya kuaminika, ndipo apime.

Mwaka 1979 Steven Burden, Peter Sargent na McMahan walitoa matokeo ya jaribio la upande wa pili. Safari hii neva ilizuiwa isirudi, bali msuli uliachwa uote upya ndani ya ala yake ya zamani. Msuli mpya ulikusanya vipokezi vyake pale pale palipokuwa na sinapsi, japokuwa neva haikuwapo. Basi hukumu ikawa wazi. Muuzaji aliondolewa, mnunuzi aliondolewa, na mahali pakabaki panajulikana. Habari zilikuwa katika vigingi.

4. Vigingi vyenyewe ni nini?

Baada ya kujua kwamba ala ina habari, ilibidi ijulikane ni molekuli zipi zinazozibeba. Kwa kazi hiyo msuli wa chura haukutosha, kwani sinapsi zake ni chache mno. Wataalamu walimgeukia samaki aitwaye taa wa umeme, Torpedo californica, wa bahari ya Pasifiki. Kiungo chake cha umeme kimetokana na msuli na kimejaa sinapsi tele. Wanafunzi wa Kigoma si wageni wa habari za samaki wa namna hii, kwa maana katika Ziwa Tanganyika yumo kambare wa umeme, wa jamii ya Malapterurus, ambaye humshtua mvuvi anayemshika. Kiungo cha umeme cha kila upande wa mwili wake huendeshwa na seli moja tu ya neva, kubwa kupita kiasi. Mwalimu amtumie samaki huyu kuonyesha kwamba sinapsi nyingi zikifanya kazi kwa pamoja huweza kutoa nguvu inayosikika mkononi.

Kutoka katika taa wa umeme ilipatikana protini iliyopewa jina la agrini mwaka 1987, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukusanya. Neva huitengeneza agrini na kuiweka ndani ya ala. Hapo hushikwa na protini ya utando wa msuli iitwayo Lrp4, nayo huiamsha nyingine iitwayo MuSK. Amri hupita ndani ya seli, na hatimaye protini iitwayo rapsini huvifunga vipokezi pamoja mahali pamoja. Mwaka 1996 ilionyeshwa kwamba panya asiye na agrini hazaliwi akaishi: misuli yake ipo, neva zake zipo, lakini hazikuungana ipasavyo, naye hawezi kuvuta pumzi.

Habari haziendi upande mmoja tu. Msuli nao huweka katika ala ya sinapsi aina ya pekee ya protini iitwayo laminini. Mwaka 1995 ilidhihirika kwamba panya asiye na sehemu ya laminini hiyo huzaliwa, lakini ncha za neva zake hazikomai, naye hufa baada ya majuma machache. Mwaka 2004 ikajulikana sababu mojawapo: laminini hiyo huishika milango ya kalisi iliyo katika ncha ya neva, na penye milango hiyo ndipo neva inapopanga vifuko vyake. Kwa ufupi, neva huacha agrini ili msuli ujue pa kupokelea, na msuli huacha laminini ili neva ijue pa kutolea.

Yafaa mwalimu asizidishe ukweli. Mwaka 2001 ilionekana kwamba katika kiinitete cha panya, msuli huanza kukusanya vipokezi katikati yake hata kabla neva haijafika. Agrini basi huimarisha na kuhifadhi kilichoanzishwa. Vilevile, sinapsi za ubongo hazina ala ya namna hii katika pengo lake. Zina molekuli nyingine za nje ya seli, kama vile trombospondini, ambayo mwaka 2005 ilithibitishwa kuwa hutolewa na seli jirani za neva na kuchochea sinapsi kujengeka. Kanuni ni moja, lakini vigingi ni vingine.

5. Zana: chandarua na kishona nguo

Hadubini ya elektroni haimo katika shule zetu, wala haihitajiki kwa somo hili. Mwalimu atafute chandarua kilichochakaa ambacho hakitumiki tena kujikingia mbu, akifue vizuri. Atafute pia mbegu za kishona nguo, gugu ambalo kila mtoto atokaye shambani hulijua kwa kunasa katika sketi na kaptura yake. Atahitaji vitambaa viwili vya kufungia macho na vikombe vya maharage.

Hatua ya kwanza: wanafunzi wanne wakishike chandarua kikiwa kimewambwa. Hicho ndicho ala. Mwalimu atie mbegu nyingi za kishona nguo mahali pamoja tu, penye upana wa kiganja, hali ncha zake zikitokeza pande zote mbili.

Hatua ya pili: mwanafunzi mmoja, ambaye ni neva, afungwe macho na kupitisha vidole polepole juu ya chandarua kuanzia pembeni. Upande wa pili asiwepo mtu. Atakapoguswa na miiba ya mbegu atasimama. Darasa liulizwe: je, ameitwa na msuli?

Hatua ya tatu: neva aondoke. Mwanafunzi mwingine, ambaye ni msuli, afungwe macho na kuja upande wa pili akiwa na kikombe cha maharage, ambayo ni vipokezi. Apapase, na atakapoguswa na miiba akishike kikombe mahali hapo. Darasa litaona kwamba wawili hao wamepachagua mahali pamoja bila ya kuonana.

Hatua ya nne, ambayo wengi huisahau: mbegu ziondolewe zote, na hatua ya pili na ya tatu zirudiwe. Sasa kila mmoja atasimama popote. Bila ya hatua hii, mwanafunzi hana haki ya kusema kwamba mbegu ndizo zilizomwongoza. Kulinganisha ndiko kunakotenganisha sayansi na maono.

Baada ya mchezo, wanafunzi watengeneze jedwali lenye safu tatu: kilichoondolewa, kilichobaki, kilichotokea. Wajaze kwanza matokeo ya chandarua, kisha ya chura wa mwaka 1978 na wa mwaka 1979. Mwisho waulizwe ni wapi mfano huu unapungukiwa. Mwanafunzi aliyeelewa atasema kwamba katika mchezo mbegu ziliwekwa na mwalimu, hali katika mwili alama huwekwa na neva na msuli wenyewe. Na kwamba mwiba huchoma tu, bali molekuli hupeleka amri ndani ya seli. Jibu la namna hiyo ni dalili bora ya ufahamu kuliko mchoro wowote.

6. Faida ya somo nje ya darasa

Kwanza, majeraha ya panga. Neva iliyokatwa huota upya kwa mwendo wa kiasi cha milimita moja kwa siku, nayo hupita katika mifereji ya ala zilizobaki. Wanafunzi wapige hesabu: kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi msuli wa kidole gumba ni milimita 80 hivi, kwa hiyo yahitajiwa miezi isiyopungua miwili na nusu, kutoka kiwikoni hadi kiganjani ni milimita 300, yaani karibu miezi kumi. Lakini msuli usio na neva hudhoofu, na baada ya mwaka mmoja au zaidi huenda usiweze tena kupokea hata neva ikifika. Vigingi havingoji milele. Ndiyo sababu mtu aliyekatwa na kufa ganzi vidole asiridhike kwa kuwa kidonda kimefunga. Apelekwe hospitali mapema, ili ncha za neva ziunganishwe ikiwezekana.

Pili, dawa za kuua wadudu. Baadhi ya dawa za mashambani na ghalani, zile za jamii ya fosforasi, huzuia kimeng'enya kile kile kilichowaonyesha watafiti mahali pa sinapsi. Asetilikolini hulundikana bila ya kuvunjwa. Mtu hutokwa na mate, machozi na jasho, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka, na pumzi yaweza kukatika. Mwanafunzi aliyejua kwamba pengo si tupu ataelewa kwa nini dawa iliyomwagikia ngozi ni hatari. Nguo zenye dawa zivuliwe, mwili uoshwe kwa maji mengi na sabuni, mgonjwa akimbizwe hospitali pamoja na chupa ya dawa, na anayemsaidia ajilinde asiguse dawa kwa mikono mitupu.

Tatu, ukoma. Mwaka 1997 iligunduliwa kwamba vijidudu vya ukoma hujishikiza kwenye laminini iliyo katika ala ya seli zinazoifunika neva, na kwa mlango huo huingia. Alama iliyowekwa kwa faida ya mwili hutumiwa na adui. Hii ndiyo sababu dalili za ukoma ni baka lisilohisi na ganzi ya mikono na miguu. Mwanafunzi aliyeelewa hivyo hatauita ukoma laana wala matokeo ya kurogwa. Ataufahamu kuwa maradhi ya vijidudu, yanayotibika kwa mchanganyiko wa dawa uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, na atamhimiza jirani yake mwenye baka aende kituo cha afya kabla vidole havijaharibika.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba mahali pa sinapsi hapatunzwi na neva peke yake wala na msuli peke yake, bali hutunzwa pia na vitu ambavyo wote wawili wameviweka nje yao. Tumeona vilevile kwamba ukweli huo ulipatikana kwa njia ambayo mwanafunzi wa Kasulu au Kibondo anaweza kuifuata kwa akili yake: kuondoa kimoja, kubakiza kingine, na kutazama.

Kwa mazoezi, mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi maswali yafuatayo:

(a) Eleza kwa nini watafiti wa mwaka 1978 walilazimika kuuzuia msuli usiote tena. Wangepata mashaka gani kama wangeuacha?

(b) Mtu amekatwa neva ya mkono umbali wa milimita 150 kutoka kwenye msuli. Kadiria muda wa neva kuufikia, na utaje mambo mawili yanayoweza kuizuia.

(c) Buni mfano mwingine, usiokuwa gulio wala chandarua, unaoonyesha alama inayobaki baada ya wenyewe kuondoka. Taja mfano wako unapopungukiwa.

Na mwalimu atakapochora tena neva na msuli, asiiache ile nafasi nyeupe. Apitishe humo mstari wa ala kwa chaki ya rangi, penye sinapsi aukoleze, kisha awaulize wanafunzi mstari huo una kazi gani.